Mwenyekiti wa Ngazi Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Semina imekwisha. Niko hai, lakini kwa shida.

Niliwasilisha sura ya tatu ya tasnifu yangu, ile inayouliza kama kiongozi wa siasa hufuatwa zaidi akiwa mkali au akiwa mpole. Slaidi safi. Mishale ya rangi. Nilikuwa nimefika kwenye mshale wa kijani Profesa alipoinua kalamu na kuniuliza kama nimewahi kuongoza kitu chochote maishani mwangu. Chochote tu! Nikawaza. Nikamjibu kwamba shule ya msingi nilikuwa kiranja wa chaki. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaeleza kuwa mwaka ule darasa letu halikuwahi kukosa chaki. Wakazidi kucheka!

Aliyecheka kupita wote ni Bwana Tai. Huyu ni mhadhiri msaidizi mwenzangu. Tunatumia ofisi moja na feni moja, ambayo siku zote hutazama upande wake. Hajawahi kuonekana bila tai shingoni. Nadhani anaoga nayo.

Profesa akagonga meza. Akasema amechoka na watu wanaojifunza kuogelea wakiwa kitandani. Ijumaa ya wiki ijayo nimletee matokeo kutoka kwa watu walio hai, wanaoongozwa na kiongozi aliye hai. Nisipoleta, mada yangu atapewa Bwana Tai, na nafasi yangu vilevile, maana mkataba wangu unaisha mwezi huu. Kwa kifupi, namwaga unga.

Bwana Tai alinishika bega na kunipa pole. Pole yenye meno yote nje.

Nimemweleza mke wangu. Yeye ni mwalimu wa michezo, na tangu tuoane huniita Dokta, ingawa udokta wenyewe bado uko njiani. Amesema kama natafuta wa kuongoza nianze na vyombo vilivyo kwenye sinki, maana vinajua kusubiri. Mtu wa michezo hawezi kuelewa utafiti.

Jumanne, 4 Machi

Nimechaguliwa! Kwa kauli moja!

Ilikuwa hivi. Mwenyekiti wa wapangaji wa jengo letu alihama ghafla juzi. Wanasema alihama ili aache uenyekiti, hakuna sababu nyingine. Jioni hii tukaitwa sote juu ya paa, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, kumchagua mwingine.

Jengo lenyewe lina ngazi tatu: ya Kushoto, ya Kulia na ya Katikati. Kila ngazi ina mlango wake chini uani na watu wake juu. Wa Kushoto hawajuani sana na wa Kulia, hukutana tu paani wakianika nguo. Mimi na mke wangu tuko juu kabisa ya Katikati. Tumehamia karibuni, na wengi wananijua kwa kisogo, kwa sababu natoka asubuhi huku nasoma na narudi jioni huku nasoma.

Kikao kiliendeshwa na Kinyozi, mzee wa ngazi ya Kushoto, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akauliza nani anautaka uenyekiti. Kila mtu akainamisha kichwa na kuangalia viatu vyake. Hata waliovaa ndala waliziangalia kwa makini kabisa. Mimi nikaona fursa. Watu walio hai, wanaosubiri kiongozi aliye hai! Nikanyoosha mkono na kupaza sauti kwamba nipo.

Makofi! Yalilipuka kabla sijafunga mdomo. Wengine walikuwa wameshaanza kushuka ngazi huku wakipiga makofi. Hakuna aliyeniuliza sera. Hakuna aliyeniuliza jina. Mvuto wa namna hii nilikuwa nausoma tu vitabuni, leo nimeuona, na ni wangu!

Mke wangu anasema walishangilia kwa sababu kikao kimeisha mapema. Anasema pia hakuna hata mmoja aliyeinua uso kuniangalia. Wivu umo hata ndani ya ndoa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa utafiti umekamilika. Nautazama na kujipongeza.

Ngazi ya Kushoto nitaitawala kwa ukali. Ngazi ya Kulia nitaiongoza kwa upole. Kisha napima utii kwa kitu kimoja kilicho rahisi kuonekana: nani anafagia ngazi yake, nani hafagii. Ngazi ni chafu zote tatu, kwa hiyo tunaanza sawa.

Inabaki ya Katikati. Chini kabisa ya Katikati anaishi mama mkwe. Ndiye aliyetutafutia nyumba hii, na kila nikipita ananiuliza swali moja. Namwamkia shikamoo mama, anaitikia marahaba mwanangu, halafu anauliza kama bado nasoma. Mwaka jana nasoma. Mwaka juzi nasoma. Juzi ameniomba pia nimtengenezee bawaba ya mlango wake, umelegea, haufungiki vizuri, unabaki upenyo wa kupitisha mkono. Nimemwambia kesho. Sijasema kesho ipi.

Sasa mimi nitamfokea mama mkwe? Haiwezekani! Nikimfanyia upole je? Nitatengeneza bawaba mpaka nizeeke. Kwa hiyo Katikati sitaiongoza kabisa. Itakuwa kundi la kulinganishia: watu wasio na kiongozi yeyote, watakaobaki kwenye uchafu wao ili ukali wangu na upole wangu vipate kung'aa pembeni.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kumbe namwogopa mama yake. Nimemrekebisha. Ni sababu za kimbinu.

Alhamisi, 6 Machi

Ukali umeanza rasmi asubuhi hii. Nilivaa kofia nyeusi, nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Shingoni filimbi ya mke wangu, ambayo niliiazima akiwa bafuni.

Nikasimama chini ya ngazi ya Kushoto na kuipuliza kwa nguvu zangu zote. Ee bwana! Milango ikafunguka mfululizo. Watu na mito yao mikononi. Kinyozi akatoka na povu upande mmoja wa uso, wembe mkononi, akiuliza moto uko wapi. Nikamwambia hakuna moto, kuna vumbi. Nikaamuru fagio zitoke. Zikatoka! Sikuamini. Mimi, kiranja wa chaki, nimemwamuru mtu mwenye wembe.

Nikatoka mbio, nikakatiza uani, nikaingia Katikati kubadilisha mavazi maana iko njiani. Nilinyata mbele ya mlango wa mama mkwe, nikapanda mpaka kona ya kwanza, nikavua kofia na filimbi na kuvaa sweta la bluu. Sweta ni vazi la upole. Kisha nikaenda Kulia.

Kulia nilibisha mlango mmoja mmoja kwa kidole kimoja. Nikawauliza kwa sauti ya chini wao wenyewe wanaonaje kuhusu hali ya ngazi. Walifurahi sana kuulizwa. Mama Mapacha wa ghorofa ya kwanza alifurahi kupita wote, akasema hajaulizwa anaonaje tangu ajifungue. Akaniomba nimshikie mtoto mmoja kidogo huku akifikiri. Kisha akanipa wa pili. Nilikaa na mapacha mpaka saa ya somo langu la asubuhi ikapita. Sweta limetapikiwa mabegani, kulia na kushoto, kwa usawa.

Ijumaa, 7 Machi

Matokeo ya awali yanasisimua.

Kushoto kunang'aa. Nimeona sura yangu kwenye ukingo wa ngazi, na kofia imenikaa vizuri.

Kulia hawajafagia, ila wanajadili. Wameshafanya kikao cha kuamua nani aanze na kikao cha kuamua kama kikao cha kwanza kilikuwa halali. Kila nikipita wananisimamisha kunieleza walipofikia, na kila mmoja ana mtoto wa kushikwa.

Katikati, jambo la ajabu kidogo. Nilipoingia kubadilisha mavazi nilikuta watu wanne wanafagia ile kona yangu. Wakanisalimu kwa uchangamfu na kunipisha. Nilivua kofia, wakafagia. Nilivaa sweta, wakafagia. Mmoja alitoka na kigoda, akakaa juu yake, akafagia akiwa amekaa. Nimeandika pembeni: sababu haijulikani, huenda ni mazoea.

Mke wangu amerudi amenuna. Leo kulikuwa na mbio za shuleni na hakuipata filimbi. Ilibidi aanzishe mbio kwa kupiga makofi, wazazi nao wakapiga makofi, watoto wakaondoka kabla ya wakati na wengine hawajarudi uwanjani mpaka jioni. Nimemwambia sayansi inadai kujitoa. Amenikata jicho.

Jumapili, 9 Machi

Nimeponea chupuchupu. Nifurahi au niogope, sijui.

Leo ni siku ya kuanika nguo. Wa Kushoto na wa Kulia wakakutana paani, na mimi nilikuwa ndani, dirisha wazi, nasikia kila neno. Kinyozi akaanza kulalamika kwamba mwenyekiti mpya ni katili, hana haya, anapulizia watu filimbi masikioni. Mama Mapacha akamkatiza palepale. Akasema amchunge ulimi, mwenyekiti ni mtu mpole ajabu, anaongea kama anabembeleza, na mabega yake ndiyo pekee jengo zima ambayo watoto wake wanalala juu yake. Kinyozi akasema hajawahi kusikia uongo wa kiasi hicho. Mama Mapacha akamrushia kibanio cha nguo.

Wakaanza kulinganisha. Huyu wa kofia. Yule wa sweta. Huyu anafoka, yule ananong'ona. Hapo mimi roho juu, nikajua nimekwisha.

Ndipo Mama Mapacha akatangaza kwamba ni dhahiri mwenyekiti ana pacha.

Kila mtu akasema aaah! Mama Mapacha akaendelea, kwa mamlaka ya mtu aliyezaa wawili, kwamba mmoja huwa mkorofi na mwingine mtulivu, na mtulivu ndiye anayezaliwa wa pili kwa sababu anampisha mwenzake. Kinyozi akakumbuka kwamba hata siku ya uchaguzi hakumwona vizuri, alikuwa anaangalia viatu. Wote walikuwa wanaangalia viatu!

Watu wa Katikati walikuwapo, wamejaa pale kwenye kamba zao. Waliendelea kuanika. Mmoja alijifunika uso kwa shuka mbichi na mabega yake yakawa yanatikisika. Nadhani alikuwa analia.

Ningeweza kutoka na kusahihisha. Lakini kiongozi hasahihishi umma ukiwa umeshafikia mwafaka.

Jumatatu, 10 Machi

Historia ya taaluma imeandikwa leo, nyumbani kwangu, na shahidi ni mimi peke yangu.

Mchana umekuja ujumbe wa Kushoto, Kinyozi akiwa mbele. Nilivaa kofia haraka. Wakanieleza, kwa heshima zote, kwamba wamechoka na mimi. Wanaomba niondoke, nafasi yangu ashike ndugu yangu wa sweta. Nimewajibu kwa ukali kwamba nitafikiria.

Jioni umekuja ujumbe wa Kulia. Nilivaa sweta. Mama Mapacha aliniambia machozi yakimlengalenga kwamba wananipenda, lakini kwa mwendo wangu ngazi haitafagiliwa hata watoto wake wakioa. Wanaomba niondoke, nafasi yangu ashike ndugu yangu wa kofia.

Napinduliwa pande zote mbili ili nirithiwe na mimi mwenyewe! Nani mwingine amewahi kuyapata haya? Nilicheza peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akaingia akauliza kama nimepigwa shoti.

Furaha haikudumu. Nilishuka kutupa taka nikasikia sauti ninayoijua nyumbani kwa mama mkwe. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Bwana Tai! Amekaa kwenye kiti changu, kile ninachokalia nikialikwa, amemletea mama mkwe mfuko wa machungwa. Eti alikuwa anapita kunisalimia. Mama mkwe alimuuliza kama bado anasoma, naye akajibu kwamba anakaribia kumaliza. Uongo mtupu! Mama mkwe akaniona pale upenyoni, akasema kijana huyu ana adabu, tena anavaa.

Tukiwa uani Bwana Tai akanivuta pembeni na tabasamu lake. Alikuwa ameusoma mpango wangu mezani ofisini, na ameshazikagua ngazi zote. Akanikumbusha kwamba iliyo safi kuliko zote ni ile isiyo na kiongozi, na kwamba Ijumaa atamsaidia Profesa kuligundua hilo. Kama wasioongozwa wanashinda, nadharia yangu haina maana, na mwenye nadharia pia hana kazi.

Nilikwenda kuangalia. Kweli. Ngazi ya Kushoto inang'aa, lakini ya Katikati ungeweza kulia chakula juu yake. Wasaliti!

Jumatano, 12 Machi

Mkataba wangu. Mada yangu. Feni yangu, ambayo sijawahi kupata upepo wake. Vyote kumbe viko mikononi mwa watu wenye fagio wasiotumwa na mtu.

Nimechukua hatua. Kundi la kulinganishia lisipokuwa chafu lenyewe, mtafiti hulisaidia. Alfajiri nilibeba maganda ya machungwa (mama mkwe alitugawia machungwa ya Bwana Tai, nikayala kwa kinyongo) na kuyamwaga kwenye ngazi ya Katikati kuanzia juu mpaka chini. Kazi ya kistadi. Nilifika chini nikageuka kuitazama.

Safi! Walikuwa nyuma yangu! Wote, na fagio, wanafagia ganda baada ya ganda, nyuso zimechangamka kama za watu waliofika harusini mapema. Nikapanda tena kwa ngazi ileile nikitupa maganda kwa siri, mkono nyuma. Wakanifuata juu. Sijawahi kuona ngazi safi namna ile.

Niliposhuka mara ya pili sauti ilitoka kwenye upenyo wa mlango. Mama mkwe aliuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana mama, napima. Akauliza kama bado nasoma.

Alhamisi, 13 Machi

Wamenikamata, Kushoto na Kulia kwa pamoja. Wameungana! Wameitisha kikao kesho jioni paani, na sharti ni moja: mwenyekiti na pacha wake wasimame mbele ya watu, jengo zima lichague mmoja. Kisha nikasikia mdomo wangu ukiahidi kwamba tutakuja sote wawili.

Muda mfupi baadaye Profesa akapiga simu. Atakuja kesho kushuhudia watu walio hai. Bwana Tai, aliyesikia kwa mama mkwe, amemwambia kuna kikao.

Mke wangu nimemwomba ushauri kwa mara ya kwanza katika utafiti huu. Ameniambia nisimame niseme ukweli, kisha nimrudishie filimbi. Nimemshukuru. Ushauri wa aina hiyo unawafaa watu wa michezo.

Mpango wangu ni bora zaidi. Matangi ya maji ni mapana na marefu kuliko mimi. Natokea upande wa kushoto na kofia. Narudi nyuma. Natokea upande wa kulia na sweta. Watu wanaona wawili. Nimefanya mazoezi sebuleni nikizunguka kabati. Naenda kasi sana.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike polepole, nisisahau kitu.

Paa lilijaa. Kushoto wamekaa kushoto, Kulia wamekaa kulia. Watu wa Katikati waliwahi kuliko wote na kuchagua viti vyao pembeni kabisa, mahali pa ajabu, karibu na matangi. Walikuwa na fagio zao mapajani. Mama mkwe kati yao, amekaa vizuri. Profesa mbele, miguu amekunja, kalamu tayari. Bwana Tai hakuwapo. Mama mkwe alimwomba aitazame ile bawaba kabla ya kupanda, na kijana ana adabu.

Nikatokea kushoto, kofia usoni. Filimbi! Wa Kushoto wakaruka vitini. Nikatoweka. Nikatokea kulia na sweta, nikawauliza kwa upole kama wamekaa vizuri. Wa Kulia wakasema ndiyo kwa pamoja, pacha mmoja akaninyooshea mikono. Imekubali! Watu wanageuza shingo huku na kule, Kinyozi anasema hata urefu wanafanana. Nikarudia. Ikakubali tena! Kichwa kikavimba. Nikaona naweza kuwafanya ndugu wawili wajibizane. Nikaongeza kasi. Kofia, sweta, kofia, sweta.

Nikatokea katikati. Kofia kichwani, sweta mwilini, filimbi mdomoni. Nilitaka kuuliza kwa upole mnaonaje. Ikatoka fiiii.

Kinyozi akatuhesabu kwa kidole, akaishia moja.

Kisha ngazi ya Katikati nzima ikapasuka kwa kicheko. Walicheka kama waliobana tangu wiki iliyopita, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Wengine walipiga fagio chini, na yule wa kigoda akaanguka nacho. Kutoka walipokaa walikuwa wananiona nyuma ya matangi tangu mwanzo!

Mama mkwe akainuka. Hakucheka. Aliwatazama wa Kushoto, akawatazama wa Kulia, akasema, "Binti yangu ameolewa na mmoja tu. Na huyo mmoja ananitosha."

Profesa akaomba kuuliza swali moja. Hakuniuliza mimi. Aliwauliza wa Katikati ni nani aliyewaongoza mpaka ngazi yao ikawa safi kuliko zote. Wakatazamana. Yule wa kigoda akaeleza kwamba hakuna aliyewaongoza. Walitoka kumwangalia huyu baba akibadilisha kofia na sweta kwenye kona yao. Lakini mtu mzima huwezi kusimama tu ngazini mikono mitupu, watu watasema huna kazi, kwa hiyo kila mmoja alitoka na ufagio. Na ufagio ukishakuwa mkononi, unafagia. Siku ya maganda, alisema, ndiyo walifurahi kuliko zote. Mama mkwe hakuhitaji hata kutoka, aliona kila kitu kwenye upenyo wa mlango.

Sijawahi kumwona Profesa akicheka. Leo alicheka mpaka akakaa kwenye beseni la nguo za mtu. Zilikuwa mbichi.

Akapangusa macho akasema haya ndiyo matokeo ya kwanza ya kweli niliyomletea. Nafasi yangu naipata mwaka mmoja zaidi, na mada inabaki yangu, kwa sharti kwamba niache kuandika kuhusu kiongozi. Niandike kuhusu hawa wanaoongozwa: wanatazama nini, wanacheka nini, na kwa nini wanashika ufagio. Nilimkumbatia. Miguu yangu haikugusa sakafu, nadhani. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, akanivua filimbi shingoni, kisha akanibusu shavuni. Nilikuwa na furaha ya kulia, na nililia kidogo.

Ikabaki ajenda ya uchaguzi. Mama Mapacha alisema amehuzunika kumpoteza yule wa pili. Kinyozi akasema haya, kama ni mmoja tu, basi huyu hafai, tuchague mtu mwingine. Wote wakakubali kwa sauti kubwa. Akauliza nani anautaka uenyekiti.

Jengo zima likainamisha vichwa. Kushoto, Kulia, Katikati, wote wakaangalia viatu vyao. Mama mkwe akaangalia vyake.

Nikanyoosha mkono.

Makofi! Hata sikumaliza sentensi!

Tuliposhuka tulimkuta Bwana Tai amesimama kwa adabu mbele ya mlango wa mama mkwe. Bawaba ameitengeneza vizuri mno. Mlango umefungika kabisa, hauna upenyo hata wa wembe, na nusu ya tai yake iko ndani. Mama mkwe akaanza kutafuta ufunguo. Hakuwa na haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelala vizuri. Nimeamka na akili iliyotulia, nikapitia matokeo yote kwa jicho la kitaaluma.

Profesa ni mtu wa zamani. Amechekeshwa, kwa hiyo hakuona vizuri. Ukweli ni kwamba nimechaguliwa mara mbili ndani ya wiki mbili, mara zote kwa kauli moja, na mara ya pili na watu waliokuwa wametoka kusema sifai. Hakuna kiongozi anayepata hivyo kwa bahati. Na kuhusu Katikati, kumbe nao walikuwa wananifuata, tena ngazi kwa ngazi! Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilikuwa na ngazi tatu na nikatengeneza ndugu wawili.

Mwezi ujao chama cha wahadhiri kinachagua mwenyekiti. Kitivo kina idara tatu. Bwana Tai anagombea, nimesikia, na amenunua tai mpya, fupi kidogo kuliko ile ya kwanza.

Asubuhi nimepita kwa mama mkwe kumwamkia. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri, ikabidi nibishe. Akaitikia, akafungua, akaniuliza kama bado nasoma. Nimemjibu kwa fahari kwamba ndiyo mama, mwaka mmoja zaidi.

Nikatoka nikapita dukani kununua filimbi yangu mwenyewe. Mke wangu hajaiona bado. Ameniuliza tu kwa nini leo sijanyoa. Nimemwambia nimesahau, lakini ukweli ni kwamba ndugu wa tatu atahitaji masharubu.